Daftari Lililokaa Sandukuni

Chini ya kitanda changu lipo sanduku la bati la rangi ya kijani. Baba alininunulia mwaka 1970, nilipokuwa nakwenda kuanza chuo cha ualimu. Ufunguo wake ulipotea zamani, na sasa nalifunga kwa kamba ya katani. Ndani yake nimetunza vyeti, barua za uhamisho na picha za wanafunzi ambao wengine wao wamekwisha kuwa babu kama mimi. Tena, kwa miaka kumi na minane, lilikaa humo daftari moja kubwa la kurasa mia mbili ambalo sikutaka mtu alisome.

Nalitaja kwa sababu mwaka jana kijana mmoja mwalimu, ambaye naye anajaribu kuandika, alinifuata baada ya ibada akaniuliza nilipata wapi ujasiri wa kuandika mambo ninayoyaandika, hali mimi ni Mkristo na mzee wa kanisa. Nilimjibu kwamba Bwana ndiye anayetia nguvu. Jibu hilo ni la kweli, lakini nililitoa kama mtu atoavyo sarafu ili mwombaji apate kuondoka. Usiku sikulala vizuri. Kijana yule alistahili jibu refu zaidi, na hili hapa ndilo.

Wito wenyewe niliusikia chuoni. Mkufunzi wetu wa Kiswahili alikuwa mtu mkali, na wino wake mwekundu ulijulikana hadi jikoni kwa wapishi. Siku moja alinirudishia insha yangu ikiwa haina alama ya kosa hata moja, ila chini kabisa ameandika maneno mawili: endelea kuandika. Wino mwekundu kutumika kusifu! Nilitembea na karatasi ile mfukoni muhula mzima, hata ikachanika kwenye mikunjo.

Nilipokwenda likizo nikaandika hadithi ya kurasa kumi na mbili. Ilihusu mlevi mmoja aliyeuza mbuzi wa mtoto wake ili anunue rubisi. Jioni, baada ya kula, nikamwomba baba nimsomee. Yapasa nimweleze baba kidogo. Alikuwa mwinjilisti wa Kianglikana, mtu aliyeokoka katika ule Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka ukafika kwetu, Bukoba, Uganda na hata mbali zaidi. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kusimama mbele ya wenzao na kutaja dhambi zao waziwazi: niliiba, nilimpiga mke wangu, nilimchukia fulani. Kisha wimbo wa Tukutendereza ungeimbwa, na mtu angekaa chini akiwa mwepesi. Kwao neno lilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kusema lililotokea.

Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, kibatari kikitoa moshi kati yetu. Nilipomaliza, alikaa kimya, kisha akauliza:

"Mtu huyu anakaa kijiji gani? Kesho niende nikamwombee."

"Baba, hayupo. Nimemtunga."

Alinitazama kwa muda. "Kurasa kumi na mbili," akasema, "za mtu asiyekuwapo." Akachukua Biblia yake, akaenda kulala. Hakunikataza. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, pengine ningebishana naye na mambo yakaishia hapo.

Leo ningemwuliza yule Msamaria mwema alikuwa wa kijiji gani, na mwana mpotevu alikuwa mtoto wa nani, maana Bwana mwenyewe alifundisha kwa watu wa kutungwa. Lakini jibu hilo lilinijia miaka ishirini baada ya kumzika. Wakati ule niliweka kalamu chini. Na hapa ndipo ninapotaka kijana yule anisikilize vizuri: sikujiambia kwamba nimeogopa. Nilijiambia kwamba nimekuwa mnyenyekevu. Mkristo hatafuti jina, nikasema. Mwalimu wa shule ya msingi ni nani hata aandike kitabu? Maneno hayo yana sauti nzuri sana kanisani, na hakuna atakayekupinga.

Mwaka 1983 nilikwenda semina Mwanza nikiwa na fedha ya kununua viatu. Walio na umri wangu wanaukumbuka mwaka ule. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na maduka yalikuwa matupu. Viatu havikupatikana, ila vitabu vilikuwapo. Nikanunua kitabu kinene chenye jina refu kuliko yote niliyowahi kuona: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, kilichochapishwa mwaka 1980. Nilirudi Ngara na viatu vyangu vilevile vya matairi, nikasoma usiku mpaka mke wangu akalalamikia mafuta ya taa.

Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alikuwa mtu wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896. Alisoma seminari ya Rubya, ambayo iko hukuhuku kwetu Kagera, akajifunza Kilatini na lugha nyingine, kisha akarudi kisiwani kwake, akaoa, akafanya kazi ya katekista. Yeye na mkewe hawakubahatika kubaki na mtoto hata mmoja. Na kitabu chake ni habari ya mume na mke waliokosa mtoto, wakasemwa, mke akachukuliwa na wazazi wake, mume akatozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe. Nilikuwa nikingojea mahali ambapo katekista huyu angewakaripia wahusika wake kwa kwenda kwa mganga. Sikupaona. Aliwaandika jinsi walivyoishi, walivyosalimiana, walivyolima na walivyozikana, kwa heshima ileile ambayo mtu humpa babu yake. Niliona ajabu. Alikuwa amempenda jirani yake kwa kumwandika alivyo.

Habari za kitabu chenyewe nilizijua baadaye. Kitereza alikimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, akitiwa moyo na padre mmoja Mkanada, Almas Simard. Hakupata mchapaji, maana wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Katika miaka ya mwisho ya 1960, akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi, mwili wake umekwisha kuchoka kwa maradhi, aliketi akakitafsiri chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Kikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia. Miaka thelathini na mitano ya kungoja, na hakukishika mkononi.

Ungedhani habari kama hiyo ingenitia ujasiri. Kwa kweli ilinipa kisingizio kipya. Nikasema, huyu alikuwa na kipaji, amesoma Rubya, mimi je? Nilikitumia kitabu cha mtu jasiri kama mto wa kulalia.

Hata nje ya vitabu mfano haukuwa mbali. Katika jimbo la Katoliki la Rulenge, hapa hapa wilayani, askofu alikuwa Christopher Mwoleka, aliyeliongoza tangu 1969 hadi 1996. Sisi Waanglikana tulikuwa tukimtazama kwa udadisi, maana alikwenda kuishi pamoja na wanakijiji wa Nyabihanga, kijiji cha Ujamaa, akishika jembe kama wao. Aliandika pia. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukuletwa kwetu kama fumbo la kufumbuliwa. Umeletwa kama maisha ya kuigwa, maisha ya kushirikiana kila kitu. Baadhi ya watu walimsifu mno, na wengine walimwona anachanganya dini na siasa. Lililonigusa mimi ni kwamba alichoandika alikiweka kwanza juu ya mgongo wake. Nililikumbuka hilo baadaye, wakati halikuwa na raha kulikumbuka.

Sasa nije kwenye daftari.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya Watutsi yakaanza. Kutoka vilima vyetu Rwanda inaonekana kwa macho. Tuliona moshi. Mto Kagera ulileta maiti. Zilianguka pamoja na maji katika maporomoko ya Rusumo, zikaelea kwenda Ziwa Victoria, na watu wakaacha kula samaki. Leo maporomoko hayohayo yanafua umeme wa megawati 80 kwa nchi tatu, na wajukuu wangu wanayaita tu "kwenye umeme". Kisha tarehe 28 na 29 Aprili daraja likafunguka. Watu wapatao robo milioni walivuka kwa muda wa kama siku moja. Niliwaona wakija na magodoro, mbuzi, baiskeli, milango ya nyumba zao. Walijazana Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni iliyokuwa imeweka kambi pale wakati wa ujenzi wa barabara, na kwa miezi michache pori lile likawa na watu kuliko miji yetu mingi.

Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliokimbia vita. Katikati yao walikuwapo waliokuwa wameua, na viongozi waliowaamuru kuua, ambao walikaa kambini na kuendelea kuwaongoza watu walewale. Nasi tuliwapokea wote, kwa kuwa mgeni haulizwi ametoka kufanya nini. Kihangaza chetu ni ndugu wa Kinyarwanda na Kirundi, kwa hiyo tulisikia kila lililosemwa, hata lile lisilokusudiwa tulisikie.

Nilinunua daftari nikaanza kuandika. Safari hii sikutunga kitu. Nilifikiri kwamba hata baba angeridhika.

Mwezi wa Mei alikuja shuleni kwangu mwalimu mmoja kutoka kambini. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililofuliwa, anayezungumza Kiswahili cha vitabu. Alisema ameanzisha darasa chini ya mti, ana watoto zaidi ya mia mbili na hana chaki. Nilimpa chaki. Aliomba pia daftari la mahudhurio, nikampa moja, maana ninajua mwalimu bila daftari la mahudhurio ni kama mchungaji asiyejua idadi ya kondoo. Jumapili alikuja kusali kwetu. Alikuwa na sauti nzuri ya besi.

Kwetu nyumbani alikuwapo mama mmoja aliyevuka mapema, kabla ya ule umati, akawa anafanya kibarua cha kupalilia maharage na kulala katika chumba cha uani. Jumapili ile alikaa na mke wangu upande wa akina mama. Katikati ya wimbo akainuka, akatoka, hakurudi. Tulimkuta nyumbani ameketi sakafuni nyuma ya mlango. Ilichukua siku mbili kabla hajamwambia mke wangu, na mke wangu akaniambia mimi. Yule mwalimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa kanisa walimokimbilia watu, akiwa ameshika daftari la mahudhurio la shule, ambamo kabila la kila mtoto liliandikwa, akisoma majina ya familia.

Nikaandika hayo yote. Kisha nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa letu, mtu niliyemheshimu kuliko wote baada ya baba kufariki, nikamwuliza nifanye nini.

"Mwalimu," akaniambia, "ukilitoa neno hili, wale watu watamwua huyu mama kabla ya jua kuchwa, na nyumba yako wataichoma. Funga daftari lako. Mungu haandikiwi, anajua."

Mzee alikuwa na hoja. Kambini watu waliuawa kwa neno dogo kuliko hilo. Nikafunga daftari.

Wiki iliyofuata yule mwalimu akaja tena. Wanafunzi wameongezeka, akasema. Daftari la kwanza limejaa. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono yake ameikunja mbele kwa adabu. Nikafungua kabati, nikatoa daftari jipya la mahudhurio, nikamkabidhi. Akanishukuru. Nikamwambia karibu.

Mwezi wa Agosti, vita vilipokwisha kule, yule mama aliamua kurudi akatafute kama kuna aliyebaki. Alipokuja kuniaga aliniuliza:

"Mwalimu, nimekuona unaandika usiku. Na yangu umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Basi vyema," akasema, na nikaona uso wake umelegea. Sikuelewa mara moja. Kwake yeye, mtu aliyesoma akiandika jambo, jambo hilo limekwenda mahali. Alidhani nimelipeleka. Alivuka daraja la Rusumo akiamini hivyo, na mimi nikarudi ndani nikaliweka daftari katika sanduku la bati, chini ya vyeti vyangu.

Hoja ya mzee ilimlinda yule mama mpaka Agosti. Baada ya hapo haikuwa na mtu wa kumlinda tena isipokuwa mimi. Mwezi Novemba mwaka uleule Umoja wa Mataifa uliunda mahakama, ambayo ilikuja kukaa Arusha. Yule mwalimu aliendelea kufundisha, kuimba besi na kunisalimu barabarani hadi Desemba 1996, wakimbizi walipoamriwa kurudi kwao, akapotea katika ule msafara mkubwa. Miaka miwili na zaidi nilikutana naye karibu kila juma. Sikumwuliza neno.

Mwaka 2004, nikiwa bado kazini, nilisikia redioni kwamba mahakama ya Arusha imemhukumu Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, ng'ambo tu ya mto, kwa mauaji yaliyofanyika kanisani Nyarubuye. Miongoni mwa waliotoa ushahidi walikuwa wanawake wa vijijini. Walisafiri kutoka kwao, wakakaa mbele ya majaji na mawakili, wakasema. Nami nilikuwa na sanduku, kufuli na kalamu mbili nilizopewa zawadi na kamati ya shule.

Nilistaafu mwaka 2011. Mtu akistaafu ualimu, mikono humwasha. Mwaka uliofuata nililifungua sanduku, nikalisoma daftari, nikaamua kuandika kitabu. Niliona ni vyema kukifanya hadithi, majina nibadili, ili nisimwumize mtu. Kwa miezi minne niliandika kila asubuhi baada ya sala, na nilihisi ule wito wa ujanani umerudi kama mbwa aliyepotea. Katika hadithi yangu alikuwapo mwalimu mkuu mmoja wa Ngara. Mkimbizi mwuaji anapokuja mara ya pili kuomba daftari, mwalimu mkuu huyo anasimama, anamtazama machoni, anamwuliza: "Na yale majina uliyoyasoma mlangoni?" Mkimbizi anatetemeka, anaanguka magotini. Nilipoandika sehemu hiyo nilitokwa na machozi.

Nikampa mke wangu asome. Yeye ni msomaji wa polepole, na husoma huku akichambua maharage. Alipofika hapo aliacha kuchambua.

"Mwalimu," akasema, "hukumwuliza."

"Ni hadithi, mama."

"Najua ni hadithi. Lakini huyu mwalimu mkuu ana koti lako, ana baiskeli yako, na mke wake anachambua maharage. Hukumwuliza. Ulimpa madaftari mawili."

Akaendelea na maharage yake.

Nilikasirika kwa siku tatu, na hasira yangu ilikuwa na maneno mengi juu ya haki ya msanii. Siku ya nne nilimkumbuka baba na kibatari chake. Kuhusu mlevi wangu baba alikosea, naamini hivyo hadi leo. Mtu wa kutungwa anaweza kusema kweli kuliko jirani. Lakini hapa nilikuwa nimefanya kile hasa alichokiogopa. Sikumtunga mwuaji wala yule mama. Nilijitunga mimi. Kurasa zaidi ya arobaini za mtu asiyekuwapo.

Nilizichukua kurasa hizo jikoni, nikazitia chini ya mafiga moja moja. Utakumbuka habari ya mfalme Yehoyakimu, aliyekuwa ameota moto wakati wa baridi, akisomewa gombo la Yeremia. Kila zikisomwa safu chache anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni, wala hashtuki. Na Baruku akaagizwa kuandika tena yote, na maneno mengine yakaongezwa. Siku zote nilipofundisha sehemu hiyo katika shule ya Jumapili nilijiweka upande wa Baruku. Pale jikoni niliona kwamba kwa miaka kumi na minane mimi ndiye niliyekuwa nimeketi karibu na moto, na kijembe mkononi.

Kuandika upya kulichukua miaka miwili. Kwa ukurasa wa daftari la pili peke yake nilitumia karibu miezi mitatu, nao ni ukurasa mmoja na nusu. Kila nilipoandika "nikampa", mkono ulitaka kuongeza sababu: nilikuwa na watoto wadogo, kambi ilikuwa na watu wabaya, mzee alinishauri. Sababu zote zilikuwa za kweli, na kila moja ilikuwa inaifuta sentensi iliyotangulia. Mwishowe niliziacha sababu nje, nikabaki na kabati, daftari na neno "karibu".

Nilipeleka mswada kwa wachapaji fulani wa vitabu vya dini. Baada ya mwaka mmoja ulirudi na barua ya heshima, wakinishauri kwamba mwalimu mkuu atubu mapema zaidi ili wasomaji wasikwazike, na kwamba mzee wa kanisa asionyeshwe akimnyamazisha mtu. Sikuwalaumu. Niliwahi kutoa ushauri wa namna hiyohiyo kwa wanafunzi wangu. Nikaenda mjini Ngara, kwenye steshenari moja, nikamlipa binti mmoja achape kwa kompyuta. Alikuwa amezaliwa baada ya kambi kufungwa. Siku ya pili nilimkuta amekaa mikono mapajani, hachapi. "Babu," akaniuliza, "huyu aliyempa daftari alifanywa nini?" Nikamwambia hakufanywa kitu, alipandishwa daraja.

Tulitoa nakala sitini mwaka 2018. Moja nilimpa dereva wa lori avuke nayo Rusumo, akaulize habari za yule mama katika kijiji alichonitajia. Dereva alirudi nayo; hakuna aliyemfahamu. Nakala hiyo bado ninayo, nimeandika juu yake kwa kalamu "ya mama", na kila anapopatikana mtu anayekwenda upande ule humpa maelezo upya.

Aliyekuwa akinitia hofu zaidi ni yule mzee wa kanisa. Alikuwa amefikisha miaka themanini na minne, macho yamezibwa na mtoto wa jicho. Nilimpelekea nakala mwenyewe. "Shikamoo, baba," nikasema, na nikamweleza kitabu kinahusu nini, na kwamba yumo, ila sikuandika jina lake. Alisema ataagiza mjukuu wake amsomee. Nikaondoka. Kwa wiki mbili sikupita njia ya kwake.

Jumapili ya tatu aliomba apelekwe kanisani. Baada ya ibada mjukuu wake alimwongoza mpaka nilipokuwa nimesimama na wazee wenzangu, akanitafuta mkono, akaushika.

"Mtoto amenisomea mara mbili," akasema. "Pale niliposema Mungu haandikiwi, umeandika kama nilivyosema."

"Ndiyo, baba."

"Nilikuwa nimeogopa."

"Nami pia, baba."

"La, wewe umekwisha kusema lako. Langu hujalisema. Umeandika kwamba nilikuwa na hoja." Aliendelea kunishika mkono, na wale wazee wengine wakawa wamenyamaza. "Ukikichapa tena, andika kwamba mzee naye aliogopa."

Sijakichapa tena. Nimeyaandika hapa kwanza, kama alivyotaka, ila jina.